Mchumba Aliyepakana na Bahari

Baba yangu alikuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kazi ile ilimwachia ugonjwa usio na dawa: hawezi kumwamini mtu kabla hajajua amepakana na nani. Ukienda kumuuzia mbuzi, atakuuliza. Ukienda kumwombea akiwa mgonjwa, atasubiri useme amina, kisha atakuuliza. Anataka pande zote nne, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, kama zinavyotajwa watu wanapouziana shamba mbele ya serikali ya kijiji, na anataka majina ya watu. Mto anaupokea shingo upande. Barabara haipokei kabisa.

Najua hivyo kwa sababu niliolewa na mtu wa Makambako. Siku mume wangu alipokuja kujitambulisha nyumbani kwetu Mjimwema, mjini Njombe, alijibu vizuri mashariki na magharibi. Kaskazini akasema barabara ya lami. Kusini akasema reli. Baba alishusha kikombe taratibu.

"Kwa hiyo, kijana wangu, wewe umepakana na wapita njia."

Alikubali mwishowe, maana mama alimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini mpaka leo akimtambulisha mkwe wake kwa wageni lazima aongeze kwamba watu wa Makambako ni wazuri sana, ila wote wamekaa kama wanaosubiri gari. Mimi nimehamia huko, Lyamkena, nafundisha jiografia sekondari, na nimejifunza kujibu. Namwambia sisi wa Makambako angalau tunajua kuna dunia nyingine, wakati watu wa Njombe wanavaa masweta mwaka mzima na kudhani kila aliyevaa shati moja ana matatizo nyumbani. Tunataniana hivyo kila sikukuu ninapokwenda kumsalimia.

Nasema sikukuu kwa sababu ndivyo ilivyo. Mama alipofariki, aliyebaki karibu na baba ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho. Yeye ni muuguzi katika hospitali ya misheni kule Lugarawa, wilaya ya Ludewa, na kila mwisho wa mwezi alipanda milima kurudi Mjimwema kumfulia baba mablanketi, kumgombeza juu ya chumvi, na kusikiliza upya migogoro ya mipaka ambayo wahusika wake wote wameshazikwa. Hakuna mwingine mwenye moyo huo. Mimi nikisikia "sasa huyu mzee wa bondeni akang'oa alama usiku", nakumbuka ghafla kwamba nina madaftari ya kusahihisha.

Siku moja mdogo wangu alinipigia simu.

"Dada, nimepata mtu."

"Wa wapi?"

"Usicheke."

"Mkinga?"

"Mbali kidogo."

"Mnyakyusa? Baba atazoea, ni majirani."

"Dada, anatoka Liberia."

Sikucheka. Nilikaa kitandani. Akanieleza kwamba ni fundi wa mitambo ya hospitali, alikuja kwa mkataba kufunga mashine za oksijeni, mkataba unakaribia kuisha, na amemwomba waoane waende kuishi kwao. "Ninampenda," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angenitajia presha ya mgonjwa, na nikajua hakuna wa kumbadilisha. Kilichobaki ni baba. Mdogo wangu alisema waziwazi kwamba baba akikataa, hataondoka. Si kwa hofu. Hakuweza tu kumwacha mzee akiwa amenuna, peke yake, kwenye nyumba ile yenye baridi.

Baba alipoelezwa, hakuuliza dini, wala mali, wala umri. Aliuliza, "Liberia mkoa gani?"

Siku mbili baadaye niliitwa Njombe, kwa maelekezo kwamba nije na ramani. Lazima niseme ukweli kuhusu elimu yangu: niliyoyajua juu ya Liberia yalitosha swali moja la mtihani. Mashamba ya mpira, madini ya chuma, na meli za watu wengine zinazopeperusha bendera yake. Baba alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Serikali imekusomesha."

Basi nikaanza kusoma upya. Jioni nyingi niliongea na mchumba mwenyewe kwa simu ya picha, mimi Lyamkena na sweta langu, yeye Lugarawa na masweta yake matatu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Aliniambia anatoka kaunti inayoitwa Rivercess, kwenye pwani ya Atlantiki. Kusini ni bahari. Magharibi ni kaunti ya Grand Bassa, mashariki ni Sinoe, na juu huko msituni wanakutana na Nimba na Grand Gedeh. Makao makuu ni Cestos, mahali ambapo mto wa jina hilo hilo unamwagika baharini. Barabara ni ya udongo mwekundu, na masika yao ni marefu kiasi kwamba gari likikwama, wenyeji wanalizoea.

Nilichora yote hayo kwenye karatasi ya manila, bahari kwa bluu, misitu kwa kijani, nikapanda basi na bomba langu la karatasi. Baba aliitundika sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa, akavaa miwani, akaanza kuikagua kama mtu aliyeletewa taarifa ya robo mwaka.

"Hii kaunti ilikuwepo tangu zamani?"

"Hapana, baba. Ilimegwa kutoka Grand Bassa."

Uso wake ulibadilika. Sisi Njombe tulimegwa kutoka Iringa, na kuna watu wa umri wa baba ambao hawajamaliza kulijadili jambo hilo.

"Walimegwa!" akasema. "Basi wanajua. Na magari ya serikali waligawana vipi?"

Sikujua. Akasikitika kidogo juu ya wasomi wa siku hizi, lakini nikaona moyo wake umelainika. Mtu kutoka eneo lililomegwa hawezi kuwa mgeni kabisa. Kisha tukaingia kwenye utawala, na hapo ndipo alipofurahi mpaka akasahau chai. Kaunti inaongozwa na msimamizi anayeteuliwa na rais. Baba akasema, "Mkuu wa Mkoa." Chini yake kuna makamishna wa wilaya. "DC." Chini yao wako machifu wakubwa. Hapo alifikiri sana, akaamua kwamba ni maafisa tarafa, ila wamevaa vizuri zaidi. Halafu kuna machifu wa koo, ambao kila mmoja anasimamia vijiji kadhaa, anasuluhisha ugomvi, na analaumiwa kwa kila kitu.

Baba alivua miwani.

"Huyo ni mimi," akasema.

Kuanzia siku hiyo alikuwa upande wa chifu wa ukoo. Alinipigia simu nikiwa darasani kuuliza kama chifu wa ukoo anapewa pikipiki. Alitaka kujua kama wanamlipa kwa wakati. Alikuwa hajamwona mchumba hata kwa picha, lakini tayari alikuwa na rafiki huko Rivercess ambaye hakuwa na habari naye.

Siku ya utambulisho ilikuwa Jumamosi ya baridi na ukungu. Mchumba hakuwa na ndugu huku, kwa hiyo aliletwa na mshenga, dereva wa hospitali, Mpangwa wa makamo mwenye kofia nzuri na maneno mengi. Waliingia saa nane. Mchumba alimwamkia baba shikamoo, akaniamkia mimi shikamoo, na kwa kuwa alitaka kuwa na uhakika, akamwamkia pia shikamoo msichana wa jirani aliyekuja kuazima ungo. Yule msichana aliondoka akitembea kwa heshima sana.

Mdogo wangu alikuwa jikoni, kama desturi inavyotaka, akijifanya anachemsha viazi. Viazi vilikuwa vimeiva tangu saa sita. Mimi niliruhusiwa kukaa sebuleni kwa cheo changu cha mwalimu wa ramani.

Mambo yalianza vizuri. Baba alisema "kamwene", salamu yetu ya Kibena, na mgeni akajibu "kamwene" bila kujikwaa. Baba akamuuliza habari za machifu wa koo, na mgeni akasema mjomba wa mama yake aliwahi kuwa mmoja wao, na kwamba wananchi walimchosha sana. Baba alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyepata mwenzake. Mshenga alinikonyeza. Nilidhani tumeshamaliza.

"Sasa, kijana," baba akasema, akajiweka sawa kwenye kiti. "Hapo nyumbani kwenu kijijini. Umepakana na nani?"

Mgeni alikuwa ameambiwa swali litakuja. Alisimama kabisa, akageuka kuielekea ramani ya manila. Kiswahili chake alikipata kwa akina mama wa kliniki ya Lugarawa, kwa hiyo alizungumza polepole na kwa adabu.

"Mashariki ni mjomba wangu. Magharibi ni familia ya seremala wa mitumbwi. Kaskazini ni mwalimu mzee, amestaafu. Kusini ni mama mmoja anafukiza samaki. Nyuma yake kuna nyumba mbili, za ndugu wawili wavuvi. Kisha bahari."

Akayataja majina yote, moja moja. Baba aliyarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Jibu kamili kama hilo nyumba yetu ilikuwa haijawahi kulisikia. Laiti angeishia hapo. Lakini mtendaji haachi mpaka bila kwenda kuukagua, na akanigeukia.

"Mwalimu, unayo ile picha ya kutoka angani? Hebu tuone hizo nyumba."

Nilifungua simu kwa kujidai. Mgeni alinielekeza, tukaufuata mto mpaka mdomoni, tukaenda kando ya pwani, tukakipata kijiji, tukalipata bati la nyumba yao. Baba akasogeza miwani. Mashariki kulikuwa na nyumba. Magharibi ilikuwepo. Kaskazini ilikuwepo, na mti. Kusini kulikuwa na ukanda mwembamba wa mchanga, kisha maji matupu.

"Yuko wapi mama wa samaki?" baba akauliza.

Mgeni aliinama kuitazama simu.

"Na hao wavuvi wawili?"

Mgeni alitazama chini. Nadhani alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili, lakini baba alishaona watu wengi wakitazama chini mbele ya mpaka, na wote walikuwa wamehamisha alama. Akainuka. "Ngoja nikaangalie nguruwe," akasema, akatoka.

Kwetu mzee akitoka katikati ya maneno kwenda kuangalia nguruwe, maneno yamekwisha. Wageni humalizia chai na kuaga. Mshenga, ambaye hajawahi kukosa neno, alivua kofia yake akaishika magotini. Mdogo wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, desturi akaiacha huko huko.

"Umemwambia nini?"

Wakaongea kwa Kiingereza haraka haraka, na mimi nikasikiliza. Bahari ilikuwa imezila zile nyumba. Kwanza za wavuvi, kisha, mvua za mwaka uliofuata, ya mama wa samaki. Mgeni hakudhani kwamba amesema uongo. Kwao jirani haachi kuwa jirani eti kwa sababu ukuta wake umeondoka na maji. Macho ya mdogo wangu yalijaa machozi, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni tulipovunja kitu cha mama.

"Dada, nenda kamwambie."

Nilimkuta baba ameegemea banda, nguruwe wakimshangaa, maana haikuwa saa yao ya kula. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwambia bila kuremba. "Baba, hajadanganya. Watu wapo. Nyumba ndizo hazipo. Bahari imezichukua."

Mtu mwingine angesema pole. Baba aliuliza, "Na hao watu sasa wanahesabiwa kwa nani?"

"Kamuulize mwenyewe," nikasema, na ndivyo alivyorudi ndani. Utawala ulimrudisha.

Aliketi bila kugusa kikombe. "Kijana, mpaka ukiliwa na maji, jirani anabaki jirani?"

"Kwetu anabaki, baba. Wale ndugu wawili wako kwa mjomba wangu, mashariki. Mama wa samaki analala chumba cha nyuma, nyumbani kwetu. Asubuhi anafukiza samaki wake uani kwa mama yangu. Wanagombana sana. Lakini nikiulizwa kusini, namtaja yeye. Nitamtaja nani?"

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Nilimjua mzee wangu vya kutosha kuona kwamba anampenda kijana huyu, na kwamba jambo hilo linamuudhi.

"Sasa kusini ni wewe," akasema. "Maji yakija tena, yanaanzia kwako."

"Ndiyo, baba."

"Na yatakuja?"

Mshenga alikohoa kumpa ishara. Mgeni hakuielewa, au aliielewa akaiacha. "Yatakuja," akasema. "Tutasogea kaskazini. Mwalimu mzee ameshatusafishia sehemu nyuma ya nyumba yake."

"Yule wa kaskazini?"

"Yule."

"Ana simu?"

"Anayo, baba."

"Mpigie."

Tulimtazama wote. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa amekaa mkononi mwa kiti cha mchumba wake bila aibu yoyote, alisema, "Baba, itakuwaje? Hamtaelewana." Baba akasema ameshaongea na wakurugenzi wa halmashauri ambao hawakuelewana hata kidogo na kazi ikaenda. Mgeni akapiga. Simu ililia mara nyingi, ikapokelewa, na sebule yetu ikajaa kuku, watoto na sauti ya mzee anayepiga kelele kama wazee wote wanavyofanya wakijua simu inatoka mbali. Huku kwetu jua lilikuwa linakwenda, kule ilikuwa mchana. Baba alipoambiwa hivyo akauliza kama basi hawajala, tusije tukawa tumewatoa mezani. Ikatafsiriwa kwa Kibassa, lugha ya kwao. Jibu likaja kwamba wameshakula wali, na je, sisi tumekula nini? Viazi. Mzee wa kule akatupa pole kwa hilo.

Baba alicheka. Halafu akashika simu kwa mikono miwili, ingawa ilikuwa imewekwa sauti ya wote.

"Mwambie ninamletea binti yangu. Mwambie ni wa mwisho, ana kichwa kigumu, ila anajua kazi. Mwambie siku maji yakigonga kwa hawa, asisubiri waje. Yeye awafuate."

Mchumba alitafsiri. Mzee wa kule alijibu kwa maneno mafupi, na mchumba akasema, "Anasema alimfuata hivyo mama wa samaki. Alimbeba mgongoni."

Baba aliitikia kwa kichwa, kana kwamba wanaonana. Kisha yule mzee akasema neno jingine, refu zaidi, na mara hii sauti yake ilishuka. Mchumba alisikiliza, akakunja uso, hakutafsiri.

"Anasema nini?"

"Baba, ni... ni maneno ya wazee."

"Mimi ni mzee. Sema."

Mchumba alimtazama mdogo wangu, kisha akatazama simu. "Anasema amesikia kwamba mama wa huyu binti hayupo. Anauliza, tukimchukua mtoto, wewe utabaki na nani?"

Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Mdogo wangu aliziba mdomo kwa kiganja. Nilitaka kusema mimi nipo, si mbali, nitakuja. Sikusema, kwa sababu baba alikuwa ananitazama, bila lawama yoyote, akisubiri kuona kama nitasema, na wote wawili tulijua nitakuja sikukuu tu.

Aliigeukia tena simu. Akakohoa kidogo, akakaza sauti kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye mikutano ya hadhara.

"Mwambie nitabaki peke yangu," akasema. "Na mwambie nimekubali."

Mchumba alipotafsiri, alitumia maneno mengi kuliko ya baba, na upande wa pili hata kuku walikuwa wamenyamaza.